Kizuri Chajiuza, Lakini Bei Yake Ni Ipi?

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii anaijua kila aliyepita katika shule zetu, na katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili nimesahihisha insha nyingi zilizojengwa juu yake. Mwanafunzi alianza kwa kueleza maana ya juu, akaingia katika maana ya ndani, akatoa kisa cha mchuuzi mwenye maneno mengi na bidhaa mbovu, kisha akahitimisha kwamba kitu chema hakihitaji kupigiwa debe. Alipata alama zake akaenda. Siku hizi, nikiwa mzee mstaafu mwenye muda wa kusoma karibu kila kinachoandikwa, naona methali hiyo imepata mtihani ambao insha zile hazikuujua. Mtihani wenyewe ni duka dogo la mtandaoni.

Pale chuoni tulizoea kuwaambia walimu wanafunzi kwamba kila kazi ya fasihi ina maudhui na fani. Maudhui ni yale yasemwayo, na fani ni namna yanavyosemwa. Kimoja hakisimami bila kingine. Katika kurasa hizi nataka kuutumia ukomunzi huo wa zamani, kama fundi atumiavyo kipimo chake kile kile kwa mlango mpya, kuzihakiki kurasa ambazo vijana wetu hufungua ili wauze viatu, sabuni, vikapu au asali. Msomaji anaweza kuuliza: tahakiki si ni ya riwaya, tamthiliya na ushairi? Ukurasa wa kuuzia viatu una nini cha kuhakikiwa?

Jibu langu ni kwamba mashairi mabaya hayamfilisi mtu. Lakini katika kurasa hizi kijana aliyemaliza chuo akakosa ajira ameweka akiba yake, mkopo wa kikundi, na pengine thamani ya ng'ombe wa baba yake. Ukurasa ukiandikwa vibaya hakuna mwalimu wa kuutia kalamu nyekundu. Mteja huja, hutazama, huondoka kimya, na mwenye duka hajui hata kama alipata mgeni. Kazi yenye gharama namna hiyo inastahili kusomwa kwa makini kuliko tunavyoisoma.

Tukumbuke kwanza kiwanja chenyewe kilivyopatikana. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akiwa mfanyakazi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na jiji la Geneva, alipendekeza mfumo wa kurasa zinazounganishwa na kusomwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kikatangaza kwamba yeyote duniani anaweza kuitumia kazi hiyo bila kulipa. Uamuzi huo ndio uliofanya muuza vikapu wa Iringa na kampuni kubwa ya Marekani waweze kufungua mlango katika barabara moja. Mwenye tovuti hulipia jina lake kila mwaka na mahali pa kuihifadhi, lakini hamlipi mtu ushuru kwa kuruhusiwa kuandika. Kwa hiyo tofauti ya kwanza kati ya muuza vikapu na kampuni kubwa iko katika kile kilichoandikwa mlangoni.

Na tuanze na maudhui. Mtu yeyote anayeingia dukani, liwe la udongo au la mtandaoni, ana maswali matano kichwani hata kama hayatamki. Hiki ni kitu gani hasa? Bei yake ni kiasi gani? Kitanifikiaje, na nauli ni ya nani? Wewe unayeniuzia ni nani, na nitakupata wapi? Kikiwa na kasoro, itakuwaje? Ukurasa unaojibu maswali haya matano kwa maneno mafupi umekamilika kimaudhui, hata kama umechorwa na mtu asiyejua kuchora. Unaokwepa hata mojawapo umepungukiwa, hata kama umepambwa kama bibi harusi.

Sasa tazama linalokwepwa zaidi kuliko yote. Mjukuu wangu mmoja alinionyesha ukurasa wa duka, ambalo sitalitaja jina, linalouza kobazi za ngozi. Picha zilikuwa safi, ngozi inang'aa, mishono inahesabika. Chini ya kila picha kulikuwa na maneno matatu: "Bei njoo inboksi."

"Mbona bei hawaandiki?" nikamwuliza.

"Babu, siku hizi ndivyo ilivyo. Ukitaka kujua unawaandikia."

"Nao watanijibu?"

"Watakuuliza kwanza uko wapi na unataka pea ngapi."

Nikaandika. Kweli, niliulizwa niko mkoa gani, kisha nataka pea ngapi, kisha kama nazitaka leo. Bei ikaja siku ya pili yake. Jioni hiyo mjukuu wangu akauliza kobazi zile zile kwa simu yake, naye akatajiwa bei iliyopungua kwa shilingi 5,000. Picha iliyo kwenye simu yangu ni ile niliyopigwa siku ya kuagwa, nimevaa suti na shada shingoni. Yake ni ya msichana mwenye fulana. Hakuna aliyekiri lolote, lakini sisi wawili tulielewa kwamba tulikuwa tumepimwa kwa macho kabla ya kupimiwa miguu.

Watetezi wa desturi hii husema kwamba ni utamaduni wetu. Kariakoo bei haiandikwi, watu hupatana. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa, kwa maana kupatana bei ni sanaa, tena ni mazungumzo ya heshima kati ya watu wawili. Lakini tuangalie mazingira yake. Sokoni muuzaji na mnunuzi wako uso kwa uso. Kuuliza hakugharimu kitu. Ukikataa unahamia meza ya pili, hatua tatu tu. Na bei aliyotajiwa mwenzako umeisikia kwa masikio yako. Mtandaoni anayeuliza anatoa namba yake ya simu kwa mtu asiyemjua, anatumia bando lake, anasubiri, na hasikii mwingine alitajiwa nini. Soko limeondolewa, usiri wake peke yake ndio umebaki. Huo hauwezi kuitwa utamaduni wa kupatana.

Wauzaji nao wana hofu zao za haki. Mmoja aliniambia kwamba akiandika bei, jirani mwenye bidhaa kama yake huandika pungufu kwa shilingi 500 siku hiyo hiyo. Mwingine huagiza mali kutoka nje na bei humbadilikia kila shehena. Kwa huyu wa pili dawa ni rahisi: aandike bei pamoja na tarehe yake, au aandike "kuanzia" na kiasi cha chini. Kwa wa kwanza, naona hofu yake inamtazama jirani na kumsahau mteja. Jirani atajua bei kwa vyovyote. Anaweza kujifanya mteja akauliza. Anayefichwa ni yule mama mwenye shilingi 30,000 anayetaka kujua tu kama zinatosha, na ambaye anaona haya kuuliza. Yeye huufunga ukurasa akaenda zake.

Swali la nne, wewe ni nani, lina historia ndefu hapa pwani kuliko mtandao wenyewe. Duka la Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, lilianza Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zilitambulikana kwa maandishi madogo yaliyopigwa katika kitambaa: "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Mwanamke wa Lamu au wa Tanga ambaye hakuwahi kumwona Abdulla alijua kwamba kanga ile ikichuja rangi mara ya kwanza kufuliwa, yuko mtu wa kulaumiwa, na duka lake linajulikana lilipo. Maandishi yale yalikuwa tangazo, na papo hapo yalikuwa dhamana. Sasa fungua kurasa kumi za maduka yetu madogo uangalie ni ngapi zina jina la mtu au la biashara iliyosajiliwa, mtaa, na namba inayopokelewa. Nyingi zina picha ya msichana mzuri anayetabasamu ambaye hajawahi kufika nchini, iliyochukuliwa kutoka mahali fulani, na maneno "wasiliana nasi". Sisi ni akina nani?

Msomaji asidhani hili ni suala la adabu tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 ina sehemu nzima inayomlinda mlaji anunuaye kwa njia hizi. Bunge liliona kwamba mtu anayelipa kabla ya kuona anahitaji kinga. Kulipa kwenyewe kulikwisha kurahisishwa: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo fedha husafiri kutoka Mbeya hadi Mwanza kabla chai haijapoa. Kilichobaki nyuma ni uaminifu, ambao haupitishwi kwa mtandao wa simu. Ndiyo maana wateja wetu wengi bado hudai kulipa mzigo ukishafika mkononi, na ndiyo maana ukurasa usio na jina la mtu huwafukuza hata wenye fedha.

Tuje kwenye lugha, ambayo katika uhakiki huwekwa upande wa fani, ingawa mimi naiona imesimama kizingitini. Nimesoma kurasa za watu wa Morogoro wanaowauzia watu wa Morogoro, zote kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kukariri: ubora usio na kifani, suluhisho kwa mtindo wako wa maisha, shauku yetu ni tabasamu lako. Sina ugomvi na Kiingereza. Anayewauzia watalii wa Arusha aandike kwa lugha ya watalii, na aandike vizuri. Lakini muuza sare za shule hana sababu ya kumwambia mzazi maneno ambayo mzazi hatayatumia kamwe.

Sababu nyingine ni ya kiufundi, na ni vizuri mwenye duka aijue. Watu wengi hawafiki kwenye tovuti kwa kulijua jina lake. Hufika kwa kuandika maneno katika mtambo wa kutafutia. Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walianzisha kampuni ya Google mwaka 1998 kwa wazo ambalo mtu wa kijijini angelielewa mara moja: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi nyingine, hasa zile zenye kuheshimika, upewe uzito zaidi, kama shahidi anayetambuliwa na majirani. Hata hivyo mtambo huanza kwa kuyatazama maneno. Mzazi huandika "sare za shule Dodoma". Kama maneno hayo hayamo katika kichwa cha ukurasa wala katika maelezo yake, mtambo hauna cha kumwonyesha. Na kama yamo ndani ya picha tu, yaliyochorwa kwa herufi za dhahabu, mtambo huenda usiyaone, wala kipofu anayesomewa kurasa na simu yake hatayasikia. Hivyo ushauri wote wa wataalamu wa kuifanya tovuti ionekane unaanza na lile tulilofundisha darasani: ita kitu kwa jina lake.

Sasa fani yenyewe: rangi, picha, mpangilio. Mwalimu mwanafunzi anapokwenda mazoezini hubeba zana za kufundishia. Nimeona wengi waliokesha wakichora chati za rangi saba, na asubuhi watoto wakaishangaa chati kipindi kizima. Kengele ilipolia walikuwa wanajua rangi na hawajui somo. Zana nzuri ni ile inayosahaulika somo likieleweka. Sijui kipimo bora kuliko hicho kwa sura ya tovuti.

Kisa kikubwa cha chati iliyolimeza somo kilitokea London. Ernst Malmsten na Kajsa Leander, Waswidi waliokuwa wamekwisha kufanikiwa kuuza vitabu mtandaoni kwao, walifungua duka la nguo za mitindo lililoitwa boo.com mwezi wa Novemba 1999. Nguo ziliweza kugeuzwa upande huu na upande huu. Palikuwa na msichana wa kuchora, Miss Boo, wa kumkaribisha mteja na kumshauri. Lakini wateja wa wakati ule walikuwa wakiunganishwa kwa waya wa simu, na kurasa zile nzito zilichukua muda mrefu kufunguka. Mtu aliyetaka suruali alisubiri, akasubiri, akaenda dukani kwa miguu. Mwezi wa Mei 2000 kampuni ikafungwa, baada ya kuteketeza kiasi kinachotajwa kuwa dola milioni 135 hivi. Zilikuwapo sababu nyingine, zikiwamo matumizi makubwa na kutaka kufungua katika nchi nyingi kwa mpigo mmoja. Kama mhakiki nasema tu kwamba pale fani ilimzuia mteja kuyafikia maudhui, mlangoni kabisa.

Mwenye duka wa Songea atacheka akisema yeye hana dola 135, sembuse milioni. Na afanye hesabu hii. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ya kisasa inaweza kuwa na uzito wa megabaiti 4. Akiweka picha 20, mteja anapakua megabaiti 80 kwa bando alilonunua kwa fedha yake, kabla hajaona bei moja. Picha hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 100 kila moja, na programu za bure za kufanya hivyo zipo, zote pamoja zinakuwa megabaiti 2, na kwenye kioo kidogo cha simu jicho haliioni tofauti. Anayejaza ukurasa picha nzito anamtoza mteja kiingilio bila kumwambia. Mteja hatajua kwa nini amechoka. Atajua tu kwamba duka lile "linachelewa".

Baada ya maudhui na fani linakuja suala la kutangaza, na hapa ndipo methali yetu inapowekwa kizimbani. Je, kizuri chajiuza? Katika kijiji, naam, kwa sababu kijiji kina midomo. Mhunzi hodari alitangazwa na majembe yake katika mashamba ya watu. Mtandaoni hakuna apitaye njiani akasikia nyundo. Duka jema lisilotajwa na mtu ni sawa na kisima kilichofunikwa. Kwa hiyo kujitembeza si dalili ya ubaya tena. Hata kizuri hakina budi kutoka nje. Tofauti iko katika namna ya kutembea.

Wapo wanaotafuta kishindo. Mwaka 2005 kijana Mwingereza Alex Tew, mwenye umri wa miaka 21, alitaka fedha za kusomea chuo kikuu. Akafungua ukurasa mmoja akaugawa katika nukta milioni moja, akauza kila nukta kwa dola moja ili makampuni yaweke picha zao ndogo ndogo. Kwa sura ulikuwa ukurasa wa kutisha, kama ukuta uliobandikwa matangazo na walevi. Lakini maudhui yake yalisemeka kwa sentensi moja, bei ilikuwa wazi, na sababu ya kuuza ilikuwa wazi. Magazeti yakamwandika, na kadiri yalivyomwandika ndivyo nukta zilivyonunuliwa. Nukta 1,000 za mwisho zilipigwa mnada mwezi wa Januari 2006, na jumla ya mapato ikafika dola 1,037,100. Wengi waliiga, na sifa haikuwarudia, kwani waliokuwa wakinunua kwa Tew walinunua habari, na habari haiuzwi mara ya pili. Vijana wanaosimuliwa kisa hiki katika semina za ujasiriamali wasimuliwe na mwisho wake.

Wapo pia wanaonunua nafasi. Tangu mwaka 2000 Google imekuwa ikiwauzia watangazaji nafasi pembeni ya majibu yake, na mitandao mingine ikafuata. Sioni ubaya: ni kama kulipia tangazo redioni. Mwenye mtaji mdogo akumbuke tu kwamba siku fedha inapokwisha na tangazo linazimika, na aliyeletwa na tangazo akakuta ukurasa usio na bei, amelipiwa nauli ya kuja kuona mlango uliofungwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na aandike kila wiki alilipa kiasi gani, wangapi waliuliza, na wangapi walinunua.

Na wapo wanaotembea kwa hila. Hawa hujiandikia sifa wenyewe kwa majina ya wateja wasiokuwapo: "Nimepokea mzigo, asanteni sana, Mungu awabariki." Mwalimu aliyesahihisha mitihani maisha yake yote anaitambua mikono inayofanana. Sifa tano zenye kosa moja la tahajia zimeandikwa na kidole kimoja. Wengine hukusanya namba za watu waliouliza bei mara moja, kisha huwamwagia ujumbe asubuhi na usiku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa kila anayekusanya namba za watu. Lakini kabla ya sheria yapo maungwana: mtu aliyepita barazani kwako kuuliza njia hajakupa ruhusa ya kumgongea mlango usiku.

Wengi wa hawa ninaowahakiki hawana tovuti kabisa. Wana ukurasa Instagram au Facebook, na namba ya WhatsApp. Siwalaumu kwa kuanzia huko. Ndiko watu waliko, na hakuna kodi ya kuanzia. Ila kibanda hicho kimejengwa ndani ya ua wa mwingine. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, kwa saa za kwetu, mitandao hiyo mitatu, ambayo yote ni mali ya kampuni moja, ilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Aliyekuwa na biashara yake yote humo hakuwa na mlango, wala daftari, wala njia ya kuwaambia wateja kwamba yuko hai. Ilikuwa saa sita tu. Akaunti ikifungwa au ikiibiwa inaweza kuwa milele. Ndiyo maana nashauri mwenye biashara, hata ndogo, awe na ukurasa mmoja wa kwake kwa jina lake mwenyewe, na orodha ya wateja wake waliokubali kuandikwa aihifadhi katika daftari la karatasi. Kule kwenye ua wa mwingine aende kutangaza, na nyumbani awe na pa kurudi.

Nisije nikaonekana mzee wa kulaumu tu, nitaje ukurasa mmoja niliousoma mara tatu kwa furaha. Ni wa mama mmoja auzaye asali kutoka misitu ya miyombo. Una picha nne, zote za kawaida. Unasema wazi ni asali ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo, na kwa nini hii ya pili ni ghali zaidi. Bei iko kando ya kila chupa. Jina lake lipo, na soko anakopatikana siku za wiki. Kilichonifurahisha zaidi ni aya fupi aliyoiweka chini: kwamba asali safi huweza kuganda hasa wakati wa baridi, kwamba kuganda huko si dalili ya kutiwa sukari, na kwamba mteja aikalishe chupa katika maji ya uvuguvugu hadi itakapoyeyuka. Mama huyu amelijua shaka la mteja kabla mteja hajalitamka, akalijibu bila kumdharau. Nimewafundisha watu miaka mingi kwamba mwandishi mzuri ni yule amwonaye msomaji wake akiwa bado kwenye kiti cha kuandikia. Huyu anamwona.

Hata yeye ana upungufu. Nauli ya kupeleka mikoani hakuiandika, na mtu wa Mtwara hawezi kujua chupa yake itafika kwa bei gani. Wala hakusema itakuwaje chupa ikipasuka njiani. Ni mapengo mawili, na yanazibika kwa sentensi mbili. Kama angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama 80, nikaandika pembeni: swali la tatu na la tano.

Kwa yeyote anayefungua duka la namna hii, au anayemlipa fundi kulifungua, nina jaribio moja lisilohitaji kompyuta. Mpe mtu mwingine ukurasa wako akusomee kwa sauti, nawe ufumbe macho kama unayesikiliza redio. Rangi zote zimeondoka, picha zote zimeondoka. Je, umesikia ni kitu gani, bei gani, kitafikaje, cha nani, na kikiharibika itakuwaje? Kama umesikia, basi sasa mwite mchoraji, aipambe kazi yako kadiri ya mfuko wako. Kama hukusikia, usimwite bado, maana atapamba nyumba isiyo na watu. Na kila sentensi uliyoisikia uihesabu kuwa umeitamka mbele ya mashahidi, kwa kuwa ukurasa wa duka ni ahadi iliyoandikwa, na kwetu ahadi ni deni.